Vumbi Lililoua: Mtenda Aliyefichwa katika Vibao vya Barabarani vya Kaunti ya Fayette, West Virginia

Uhakiki wa fasihi umezoea kuitafuta matini yake baina ya majalada mawili. Riwaya, tamthilia na diwani zimewekewa mizani yake, na hata fasihi simulizi, baada ya kupuuzwa kwa muda mrefu, imejipatia wahakiki wake. Maandishi yaliyosimamishwa kando ya barabara, hata hivyo, yameachiwa wanahistoria na maafisa wa utalii, kana kwamba yalijiandika yenyewe, bila uteuzi wa msamiati, bila msimulizi na bila hadhira. Dhana hiyo haina msingi. Kibao cha kumbukumbu ni utungo uliobanwa na sheria kali za urefu kuliko beti za mtunzi yeyote wa arudhi. Husomwa na watu wengi kuliko diwani nyingi. Tena hubeba muhuri wa serikali. Kwa hiyo maswali yanayoulizwa juu ya riwaya yanastahili kuulizwa juu yake pia: nani anasema, nani anatenda, nani anatajwa kwa jina, na nani ananyamaziwa.

Kaunti ya Fayette, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, inatoa mfano unaofaa mno kwa uchunguzi wa namna hii. Ni kaunti ya mashambani iliyoundwa mwaka 1831, yenye wakazi karibu 40,000, katikati ya safu za milima ya Appalachia. Mto New umeipasua milima hiyo kwa korongo refu. Reli iliufuata mto katika miaka ya 1870, na migodi ya makaa ya mawe ikaifuata reli. Jimbo lilianza kusimamisha vibao vyake mwaka 1937, katika zama za mdororo mkuu wa uchumi, wakati serikali ya Marekani ilipokuwa ikitafutia watu kazi na motokaa ilipokuwa ikimgeuza mwananchi wa kawaida kuwa mtalii. Vibao hivi ni mabamba ya metali yaliyomiminwa kwenye kalibu, herufi zikiwa zimeinuka juu ya uso wake. Herufi ya kalibu haisahihishwi kwa kalamu. Anayetaka kubadili neno moja hana budi kulitupa bamba zima, na jambo hili dogo la ufundi lina uzito wake katika yatakayosemwa hapa chini.

Kando ya barabara kuu nambari 60, karibu na mji mdogo wa Ansted, kuna mwamba mrefu uitwao Hawks Nest, yaani kiota cha mwewe. Hapo pana vibao viwili vinavyohusu sehemu moja ya nchi, na vikisomwa pamoja vinatoa hadithi ambayo kila kimoja peke yake hakiwezi kuitoa.

Kibao cha kale kinaeleza kwamba mwamba huo uliwahi kuitwa Nguzo ya Marshall, kwa heshima ya Jaji Mkuu John Marshall aliyefika hapo mwaka 1812. Kwamba wahandisi wa serikali wametangaza kuwa korongo la mto New, lenye kina cha futi 585, linalipita lile mashuhuri la Royal Gorge. Na kwamba handaki la mto linatoa nguvu kubwa za maji mahali hapo. Sentensi ni tatu, na lugha yake ni ya majigambo. Jaji Mkuu alikuja, akapima, akaondoka, na kuja kwake kunatosha kumpatia jina kamili, cheo na mwaka. Tarakimu ya futi 585 imewekwa karibu na jigambo kana kwamba inalithibitisha, ilhali Royal Gorge ya Colorado ina kina cha zaidi ya futi 1,000. Katika utanzu huu tarakimu mara nyingi ni pambo; humpa msomaji hisia ya uhakika bila kumpa uhakika wenyewe.

Sentensi inayodai usikivu zaidi ni ile ya tatu. Handaki ndilo kiima, na kitenzi chake kimo katika wakati uliopo: handaki linatoa nguvu. Halikuchimbwa na mtu, halina mwaka, halina gharama. Limekaa katika sentensi sawa na vile mwamba na korongo vilivyokaa, kama kipande kingine cha maumbile ambacho Muumba alikiweka pale ili kiwapendeze wapita njia.

Ukweli wa handaki hilo unajulikana. Kazi ilianza mwaka 1930. Mwenye mradi alikuwa kampuni ya New Kanawha Power, tawi la Union Carbide and Carbon, na mkandarasi alikuwa Rinehart and Dennis wa Charlottesville, Virginia. Lengo lilikuwa kuugeuza mto New upite chini ya mlima Gauley kwa mwendo wa takriban maili 3, uendeshe mitambo ya umeme karibu na Gauley Bridge, na umeme huo ukitumikie kiwanda cha metali cha Alloy. Mwamba uliochimbwa ulikuwa na madini ya silika kwa wingi usio wa kawaida. Ulitobolewa mkavu, bila maji ya kulituliza vumbi, na wachimbaji hawakupewa barakoa. Silikosi, ugonjwa wa mapafu ambao kwa kawaida huchukua miaka mingi kumwua mtu, hapa uliua kwa miezi. Takriban robo tatu ya waliofanya kazi ndani ya handaki walikuwa watu weusi, wengi wao wakiwa wametoka majimbo ya kusini kufuata kazi katika mwaka ambao kazi ilikuwa imeadimika. Kesi ya kwanza ilisikizwa mjini Fayetteville mwaka 1933, wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana, na madai yakamalizwa nje ya mahakama kwa malipo hafifu. Mwaka 1936 kamati ndogo ya Bunge la taifa ilisikiliza ushahidi. Yote haya yaliwahi kuchapishwa magazetini. Mwandishi wa kibao cha kale hakukosa habari. Alikuwa na habari, akachagua maji.

Mwaka 1986 jimbo lilisimamisha kibao cha pili. Hiki hakikwepi. Kinasema kwamba ujenzi wa handaki ulisababisha maafa mabaya zaidi ya kiviwanda katika historia ya jimbo. Kwamba vumbi la mwamba lilisababisha vifo 109 vilivyokiriwa miongoni mwa wafanyakazi 3,000 wa chini ya ardhi, wengi wao weusi na wahamiaji. Kwamba kikao cha Bunge kiliiweka idadi hiyo kuwa 476 kwa miaka ya 1930 hadi 1935. Na kwamba msiba huo ulileta kutambuliwa kwa silikosi kali kuwa ugonjwa wa kazini, pamoja na sheria za fidia za kuwalinda wafanyakazi. Kwa utanzu uliozoea majenerali na majaji, huu ni utungo wa ujasiri. Mhakiki anayeanza kwa kuulaumu kabla ya kukiri hilo anakosa haki. Rangi ya waliokufa imetajwa. Idadi mbili zinazopingana zimewekwa pamoja, na msomaji ameachiwa azipime.

Hata hivyo, sarufi ya kibao hiki inastahili kuangaliwa neno kwa neno. Vitenzi vyake vikuu vina viima vinne: ujenzi, vumbi, kikao na msiba. Ujenzi ulisababisha maafa. Vumbi lilisababisha vifo. Msiba ulileta sheria. Katika orodha hiyo kiima chenye watu ndani yake ni kimoja tu, yaani kikao cha Bunge, nacho kilihesabu maiti, hakikuchimba wala kuchimbisha. Mtenda hayupo. Aliyeamuru mwamba utobolewe mkavu hayupo, aliyenunua umeme hayupo, wala kampuni mbili zenye majina yanayojulikana hazipo. Vumbi limepandishwa cheo likawa mhusika mkuu, nalo ndilo mhusika pekee asiyeweza kushtakiwa.

Mfasiri wa Kiswahili akiupata utungo huu atakwama kwenye neno moja, na kukwama kwake kunafundisha. Vifo 109 "vilivyokiriwa": kauli ya kutendwa katika Kiswahili humzoeza msikilizaji kungoja "na". Vilivyokiriwa na nani? Bila "na" sentensi ni kamili kisarufi, lakini sikio linabaki likisubiri. Hapa ndipo penye kinaya cha kibao chote, na huenda kiliwekwa kwa makusudi. Kukiri ni tendo la mwenye hatia. Haiwezekani pawe na ungamo pasipo mwungamaji. Kwa hiyo neno hilo moja linafanya kazi mbili zinazopingana: linamficha mtenda, na papo hapo linafichua kwamba yuko mtenda anayefichwa, tena mwenye vifo vingine ambavyo hakuvikiri. Ni neno lililo bora kuliko sentensi iliyolibeba.

Inaweza kudaiwa kwamba bamba ni dogo na kwamba ufupi ndio uliolazimisha ukimya. Dai hilo lina nguvu kwa sehemu tu. Union Carbide ni maneno mawili. Kibao cha kwanza, kilicho kifupi zaidi, kilipata nafasi ya kumtaja Jaji Mkuu, wahandisi wa serikali na korongo la jimbo jingine kabisa. Ufupi hulazimisha uteuzi, hauamui kitakachoteuliwa. Wala haiwezi kusemwa kwamba jina hilo lilikuwa limesahaulika. Mnamo Desemba 1984 gesi iliyovuja katika kiwanda cha tawi la Union Carbide mjini Bhopal, India, iliua maelfu ya watu, na mnamo Agosti 1985 sumu ilivuja katika kiwanda cha kampuni iyo hiyo huko Institute, katika kaunti ya Kanawha inayopakana na Fayette. Msomaji aliyekisimamia kibao hiki mwaka uliofuata alilijua jina hilo vizuri. Ukimya wa kibao ulikuwa ukimya juu ya jambo lililokuwa midomoni mwa kila mtu.

Sentensi ya mwisho ya kibao ndiyo dhaifu zaidi kimaadili. Msiba unafanywa mfadhili: ulileta elimu ya tiba, ulileta sheria. Huu ni muundo wa hadithi za kufariji, ambamo kifo cha wengi hulipwa kwa faida ya wale wanaokuja. Sheria ya fidia ya silikosi ya West Virginia ilipitishwa mwaka 1935, na haikuwafaa kitu wachimbaji wenyewe wa Hawks Nest. Msomaji aliye garini hana njia ya kulijua hilo. Anaondoka na faraja ambayo waliokufa hawakuipata.

Kuna na suala la idadi. Katika mwaka uo huo wa 1986, daktari Martin Cherniack alichapisha uchunguzi wake juu ya Hawks Nest, akakadiria kwamba waliokufa walifika 764. Kibao kilikuwa kinamiminwa kalibuni na idadi yake ikiwa inapitwa na kitabu. Mia moja na tisa, mia nne sabini na sita, mia saba sitini na nne: kila idadi ina msemaji wake na maslahi yake, na ile ya mwisho haimo katika metali.

Mwendo mfupi kutoka hapo, mjini Ansted, kibao kingine kinaelekeza wapita njia kwenye makaburi ya Westlake, alikozikwa Julia Neale Jackson, mama yake Jenerali Stonewall Jackson wa jeshi la Kusini. Mama huyu alifariki mwaka 1831, akiwa maskini, mwanawe akiwa bado mtoto wa miaka 7. Hakuna ubaya katika kumkumbuka. Lakini kwa kuwa alimzaa jenerali, mwanamke mmoja ana jina lake lote na kaburi lake lote, na kwa kuwa hawakumzaa mtu yeyote mashuhuri, wanaume 476 au 764 wana tarakimu. Vibao vya kaunti hii vina nasaba yake ya utukufu, na nasaba hiyo hairithiwi kwa kufa kazini.

Ulinganisho ulio na faida zaidi kwa mhakiki wa fasihi unapatikana katika ushairi. Mwaka 1936 mshairi Muriel Rukeyser alisafiri hadi Gauley Bridge pamoja na mpiga picha Nancy Naumburg, na mwaka 1938 akachapisha mfululizo wa mashairi uitwao "The Book of the Dead" ndani ya diwani yake U.S. 1. Kichwa kimeazimwa kutoka maandishi ya mazishi ya Misri ya kale. Linalovutia ni kwamba shairi la kwanza la mfululizo huo, linaloitwa "The Road", linaanza pale pale kibao cha kale kinapoanza. Linazungumza na msafiri aliye garini, linampitisha barabarani, linamfikisha kwenye mwamba na kumtajia John Marshall, mwaka 1812 na jina la kale la Nguzo ya Marshall. Ni malighafi ile ile. Tofauti ni kwamba kibao humwambia msafiri atazame kisha aendelee na safari, na shairi humshusha garini.

Baada ya kushushwa, msafiri anakutana na watu. Rukeyser aliichukua kumbukumbu rasmi ya kamati ya Bunge, akaikata na kuipanga upya, hata mashahidi wakawa nafsi zinazosema. Yumo mama aliyepoteza wana watatu, anayesimulia jinsi mmoja wao alivyotaka mwili wake upasuliwe ili ugonjwa uthibitishwe. Yumo mchimbaji mweusi anayeeleza jinsi vumbi lilivyowafunika watu wote ndani ya handaki hata weusi na weupe wasitofautiane, taswira yenye kejeli kali katika jimbo lililotenganisha hata makambi yao ya kulala. Umo ushahidi wa mhudumu wa jamii Philippa Allen, ambamo kampuni zinatajwa kwa majina. Na katika shairi kuhusu bwawa, mtunzi amechopeka bei ya hisa za Union Carbide katikati ya mishororo, bila neno la maelezo. Hapo ndipo mtenda anapoonekana, kwa tarakimu ambayo kwa mara moja si pambo.

Wapo waliolalamika kwamba mbinu hii si ushairi bali ni uandishi wa habari uliokatwa mistari. Lalamiko hilo si la kupuuzwa, kwani zipo sehemu za mfululizo huo ambapo ushahidi umeachwa mbichi mno na mapigo ya lugha yamepotea. Lakini lalamiko lenyewe linatokana na imani kwamba ushairi unapaswa kujitenga na kumbukumbu za umma, na imani hiyo ndiyo iliyowaachia maafisa kazi ya kuandika vibao.

Riwaya haikubahatika hivyo. Hubert Skidmore, mwandishi mzaliwa wa milima iyo hiyo, alichapisha riwaya yake Hawk's Nest mwaka 1941, nayo ikaondolewa sokoni na mchapishaji muda mfupi baadaye. Ilichapishwa tena mwaka 2004. Katika miongo iliyokuwa katikati, msafiri wa barabara ya 60 aliyetaka kujua habari za handaki alikuwa na bamba la metali lililomweleza juu ya nguvu za maji.

Fasihi simulizi inatoa jibu jingine, na jibu hilo linatoka jirani tu. Katika kaunti ya Summers, inayopakana na Fayette, liko handaki la reli la Great Bend lililochimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1870. Hapo, kwa mujibu wa nyimbo zilizoimbwa na wafanyakazi, mchimbaji mweusi John Henry alishindana na mashine ya kutobolea mwamba, akaishinda, akafa. Mwanahistoria Scott Nelson alidai mwaka 2006 kwamba mahali penyewe ni handaki la Lewis katika jimbo la Virginia, na kwamba kilichowaua wachimbaji wa aina yake ni vumbi la silika. Mahali popote palipokuwa, John Henry ana jina, na sasa ana sanamu karibu na mdomo wa handaki. Jina hilo halikutoka serikalini. Lilibebwa na vinywa vya wafanyakazi kwa vizazi, na lilipokuwa limekwisha kuwa mashuhuri ndipo metali ilipolifuata. Wachimbaji wa Hawks Nest walikuwa wageni waliofukuzwa makambini walipougua, wakatawanyika kurudi kusini au wakafa upesi, na jumuiya ambayo ingeweza kuwatungia wimbo ikavunjwa kabla haijaundwa. Upungufu wa kibao ni matokeo ya upungufu huo wa kwanza.

Baadhi yao hawakutawanyika mbali. Kwa kuwa makaburi ya wazungu hayakuwapokea watu weusi, mzika maiti mmoja alilipwa ili awachukue, naye akawazika katika shamba la familia yake huko Summersville, kaunti ya Nicholas, bila mawe ya kaburi. Walikaa hapo hadi mwaka 1972, wakati barabara kuu nambari 19 ilipotakiwa kupanuliwa. Mifupa ilifukuliwa ikahamishiwa mteremkoni karibu na ziwa la Summersville, mahali ambapo kwa miaka mingi palikuwa kichaka na takataka, mpaka palipofanyiwa usafi na kuwekwa wakfu upya mwaka 2012. Mahali hapo panaitwa makaburi ya Whippoorwill. Barabara iliyowaondoa ni pana na nzuri, na wengi wanaolifuata korongo la mto New kutoka kaskazini huipitia hiyo.